Spoki za Mti Mbichi

Na jibu ni ndiyo, Nuru. Nilijua.

Jana ulipouliza, umelikalia sanduku ili lifungike, nilijifanya natafuta kamba, na nilipoipata nikaanza kuilaumu kamba. Swali lako lilikuwa dogo tu: "Baba, siku ile gurudumu lilipokuwa linalia, ulikuwa unajua lina kasoro?" Salima alikuwa anapiga pasi gauni lako jeupe. Aliiweka pasi pembeni, akanitazama, akatoka nje. Ukadhani ameudhika na swali lako, ukaomba radhi hewani. Haikuwa hivyo. Aliudhika nami, kwa sababu kabla ya harusi yetu aliniuliza kama nimeshakuambia ukweli, nikamjibu kwamba nimekuambia.

Basi leo nyumba imetulia. Wewe umekwenda Mlalo kumuaga bibi yako, utarudi na basi la jioni. Salima yuko bustanini anapalilia kabichi ambazo alizipalilia juzi. Asubuhi nilimwambia kwamba ukirudi nitakuketisha nikueleze kwa mdomo. Akasema, "Mwandikie. Ukimwambia kwa mdomo utalia, naye atakuhurumia, mtaishia kubembelezana. Mpe maneno ayachukue, ayasome akiwa peke yake." Unamwona mke niliyemwoa? Ana siku ishirini na tatu katika nyumba hii, na ameshanijua kuliko ninavyojijua mimi niliyekaa ndani ya ngozi hii miaka arobaini na minne. Nisamehe, mwanangu. Kalamu ikigusa jina lake inataka kukimbia, na leo lazima iende polepole.

Sitaandika habari za kuvaa sweta wala kuchemsha maji ya kunywa. Shangazi yako ameyasema yote hayo, mengine mara mbili. Barua hii nitaiweka chini ya kanga zako, uikute ukishafika chuoni.

Nianze na gari, kwa sababu nililipenda vibaya. Unakumbuka lilivyokuja: yule mzungu wa shamba la kahawa alipofunga virago kurudi kwao, aliniachia gari ambalo lilikuwa chini ya turubai tangu wewe hujazaliwa. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Lilikuwa na taa za shaba kama sahani, honi ya kubinya kwa mkono, na magurudumu ya spoki za mbao, kumi na mbili kila gurudumu, kama ya mkokoteni wa mfalme. Sokoni Lushoto madereva wa malori waliniuliza, "Karani, hilo ni gari au ni kabati?" Sikujali. Tangu mama yako alipofariki, wewe ukiwa na miaka sita, sikuwa nimependa kitu kingine chochote ila wewe. Jioni nilikuwa nazisugua zile taa kwa majivu na limau mpaka nikaona sura yangu ndani yake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi sura hiyo haikunichosha.

Magurudumu mawili ya nyuma yalikuwa yameliwa na wadudu. Katika milima yote hii alibaki fundi mmoja tu aliyejua kutengeneza gurudumu la mbao, kazi aliyojifunza ujanani kwa Wajerumani: Mzee Hoza wa Soni. Nikampelekea yote mawili. Karakana yake unaijua, ile iliyo karibu na daraja. Usilolijua ni kwamba nilipoingia mle nilimkuta mwanamke anafagia maranda, na randa moja jembamba limejikunja kwenye ushungi wake, juu kidogo ya sikio, kama ua. Akainua kichwa. Nuru, mimi nimesoma sekondari Tanga, nimekariri mashairi ya kila namna, na sikupata hata neno moja la kumwambia. Nilisimama na gurudumu mikononi. Mzee Hoza akaniuliza shida yangu mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu akaweka chini patasi yake.

"Karani, umeleta gurudumu au umeleta macho?"

Huyo mwanamke ni binti yake, Salima, aliyekuwa mjane kama mimi. Haukupita mwezi nikatuma posa kwa mshenga, Mzee Athumani, unamjua, yule anayecheka kabla hujamaliza salamu. Posa ikapokelewa. Na hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwa sababu tangu siku ile Mzee Hoza hakuwa tena fundi wangu. Alikuwa mkwe wangu. Adabu ya kwetu unaijua: mkwe humtazami usoni, hubishani naye, na ukikutana naye njiani unamwachia njia hata kama ni wewe uliyebeba mzigo.

Wiki ya pili akaniita nichukue gurudumu la kwanza. Lilikuwa limepakwa rangi nyeusi, linang'aa, zuri kutazama. Nikaliinua. Mwanangu, kazi yangu ni kuandika hesabu za mbao katika kiwanda cha kupasua mbao, na nimeifanya miaka ishirini. Uzito wa mti mbichi naujua kama Salima anavyoijua chumvi. Nilikwangua rangi kwa ukucha pale ndani, karibu na kitovu cha gurudumu, nikanusa. Ulikuwa ni mkulo, na harufu yake ilikuwa bado kali kama dawa ya kifua. Mti ule haukuwa na miezi miwili tangu uanguke. Spoki hutaka mti mgumu zaidi ya mkulo, tena uliokaa darini miaka mpaka ukasahau maji. Mti mbichi ukikauka unasinyaa, na spoki iliyosinyaa inacheza katika tundu lake kama jino bovu.

Nilitakiwa kusema, "Mzee, mti huu bado." Maneno manne. Nilitazama chini kama mkwe anavyotakiwa, nikasema, "Ahsante sana, baba. Kazi nzuri."

Niliporudi nyumbani sikupata raha, nikamwita Mzee Athumani. Nilifikiri kwamba kama mshenga ameweza kubeba posa, ataweza kubeba na hili. Nikamweleza taratibu: "Mwambie kwa adabu sana kwamba mti ni mbichi, nami sipati usingizi kwa ajili ya gurudumu lile. Asitie mti ule kwenye gurudumu la pili."

"Niachie mimi," akasema. "Kazi yangu hiyo."

Akarudi baada ya siku mbili, amebeba jogoo.

"Mkweo amefurahi mno. Huyu jogoo ni wako."

"Amefurahia nini?"

"Nimemwambia umelipenda gurudumu mpaka hulali."

"Mzee Athumani, mimi sikusema hivyo."

"Hukusema hulali?"

"Silali kwa wasiwasi."

"Sasa bwana, mimi ni mshenga. Tangu nianze kazi hii sijawahi kubeba neno chungu kutoka nyumba moja kwenda nyingine, na ndiyo maana harusi zangu zote zimefungwa. Kwani wewe unataka mke au unataka gurudumu?"

Nilitaka mke. Nilimtaka kiasi kwamba nilimchinja yule jogoo, na wewe ulikula paja lake ukasifu mchuzi. Mzee Hoza akamaliza gurudumu la pili kwa mti uleule, tena kwa furaha zaidi, akazungushia mstari mwembamba wa rangi nyekundu ambao sikuuomba.

Huku juu, kwenye ukungu, magurudumu yalitulia. Lakini kila niliposhuka Soni kumwona Salima jua likiwa kali, yalianza kulia. Nikagundua ujanja: nikiliegesha gari kijitoni saa nzima, mti unakunywa maji, unavimba, spoki zinakaza. Madereva wakaliona hilo pia. "Karani, lile kabati lako siku hizi limekuwa ng'ombe? Unalinywesha?" Nikacheka nao. Wewe ulidhani naosha gari. Ulikuwa unakunja gauni unaingia majini kunisaidia, na mimi nikakuacha unisaidie.

Sasa siku yenyewe. Utaniwia radhi nikiisimulia kwako wewe uliyekuwemo, lakini hujawahi kuisikia kutoka upande wangu wa kiti. Ilikuwa Januari, mwaka jana, treni ya kukupeleka chuoni Tanga ilikuwa inakungoja Mombo, na ulikuwa umevaa gauni hilohilo jeupe. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Tulipopita Soni joto likaanza kupanda kutoka bondeni, ukasema, "Baba, gurudumu linalia."

Nikasema, "Ni sauti ya mti mpya, mwanangu. Utazoea."

Ukageuka ukatazama nyuma. "Linatikisika."

Nikaendelea kuendesha. Kila mtu aliyeniuliza baadaye nilimwambia kwamba tulikuwa tunawahi treni. Tulikuwa na saa mbili nzima mkononi. Sikusimama kwa sababu karakana ya Mzee Hoza ilikuwa nyuma yetu, si mbali, na kama ningesimama ingebidi turudi pale kwa miguu, mbele ya watu wa daraja, tukilisukuma gurudumu lake. Niliona aibu hiyo wazi kuliko nilivyoiona barabara. Kona mbili mbele, spoki zikachomoka, gari likaangukia upande wa mlima. Lingeweza kuangukia upande wa bonde. Katika hilo sina sifa yoyote.

Mkono wako ulikuwa umekaa vibaya, na neno lako la kwanza lilikuwa kuuliza kama treni imeshaondoka. Lori la chai likatuchukua mpaka hospitali ya Bumbuli. Baada ya wiki tatu ikaja barua kwamba nafasi yako chuoni imepewa mtu mwingine, usubiri mwaka. Na walipokuja majirani kukupa pole, nikasema lilikuwa shimo barabarani. Ukawa unayarudia maneno yangu kwa kila anayeingia: "Baba hana kosa, ni barabara." Nilikuwa natoka nje kila ulipoyasema. Ulidhani naenda kukata kuni.

Salima ndiye aliyenikamata. Alikuja na shangazi yake kukuletea uji. Alipotoka kumwaga maji akaliona gurudumu limeegemea ukuta wa nyuma. Huyu mwanamke amekulia katika maranda. Akaokota spoki moja, akaibonyeza kwa ukucha, akainusa.

"Huu ni mkulo."

Nikautazama ukucha wake.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na baba anajua kwamba ulijua?"

"Hajui."

"Kwa nini?"

Hapo nikaona nafasi ya kusema neno zuri, kama mtu aliyependa. Nikasema, "Kwa ajili yako, Salima. Niliogopa kukukosa."

Nilitegemea atalainika. Akaniwekea ile spoki mkononi. "Usinibebeshe mimi mkono wa Nuru. Mtu anayeshindwa kumwambia baba yangu kwamba gurudumu ni bovu, siku mimi nikikosea ataniambia nini? Atanipeleka kijitoni anilowanishe? Hakuna harusi mpaka umwambie baba, na umwambie mtoto. Wewe mwenyewe. Athumani simtaki katika hili."

Nuru, nilikuwa nimempenda tangu siku ya ushungi, lakini siku ile pale nyuma ya jiko ndiyo niliyomheshimu. Nilikuwa sijui kama ni mambo mawili tofauti.

Nikaenda Soni Ijumaa baada ya sala, nimevaa kanzu, ile spoki nimeifunga kwenye leso. Mzee Hoza alikuwa anapiga randa mguu wa kitanda. Nikasimama mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Karibu." Akageuka ubavu, ili tusitazamane. "Mtoto anaendeleaje na mkono?"

"Unaunga polepole. Baba, nimekuja kwa jambo la gurudumu."

"Nimesikia. Shimo."

"Halikuwa shimo."

Randa ikasimama. Nikaifungua leso, nikaiweka spoki juu ya meza yake ya kazi, kati yetu. Hakuigusa. Nikamwambia: mti ulikuwa mbichi, niliujua siku ya kwanza, sikusema. Nikamwambia pia nilivyomtuma Athumani na alivyogeuza maneno. Akaiweka randa pembeni, kisha akafanya jambo ambalo mkwe hafanyi. Akageuka akanitazama usoni.

"Mimi nilijua haujakauka," akasema. "Mti mkavu uliniishia tangu mvua za vuli. Nikaona haya kumwambia mkwe mpya kwamba sina mti. Nikasema nitie huu, yeye karani wa mbao, akiuona ataniambia. Nikangoja. Akaja Athumani na sifa zako. Nikasema, basi, labda umeshakauka. Labda mimi ndiye nisiyeona vizuri."

"Nisamehe, baba."

"Ungeniambia gurudumu la kwanza, nisingetengeneza la pili."

Hilo nimelibeba mpaka leo. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama anavyosema vipimo.

Kisha akaniambia kwamba macho yake hayauoni tena mstari wa penseli, na kwamba alikuwa anajua hilo kwa miaka miwili. Akasema hatatengeneza gurudumu tena. Tangu hapo hajatengeneza. Anafanya vitanda na vigoda, vitu ambavyo vikivunjika mtu huanguka chini tu. Alitaka kuja siku ileile kukuomba radhi. Ni mimi niliyemzuia. Nilimwambia, "Niachie nimwambie mimi kwanza, ni mwanangu." Akakubali, akidhani nitakuambia jioni ile. Wiki iliyofuata alikuja na ile asali. Ulimwamkia, akakuuliza mkono unanyooka mpaka wapi, ukamnyooshea. Ukaniambia baadaye, "Babu huyu hana maneno mengi." Alikuwa anangoja nianze mimi. Nilipomsindikiza mpaka barabarani akasema, "Bado hujamwambia," akaenda zake.

Ungeuliza kwa nini, na una haki. Mwanzoni nilisema ngoja mfupa uunge. Ulipounga nikasema ngoja acheke tena. Ulipocheka sikutaka kukinyamazisha kicheko chako. Halafu Salima akaniuliza, nikamdanganya, naye akapanga siku ya harusi. Siku yenyewe ulipomwona anaingia uani, ulimshika mkono kwa huo mkono wako usionyooka sawasawa, ukamwambia, "Karibu nyumbani, mama." Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Wala sijawahi kuogopa kama siku ile, maana niliona furaha yangu yote imesimama juu ya mwaka wako mmoja, mwaka ulioukaa hapa ukichuma maharage wakati wenzako wanajifunza, na mwenye mwaka huo hajui.

Maisha yangu yote niliamini kwamba kumheshimu mkubwa ni kumnyamazia. Nadhani mara nyingi nilikuwa naogopa tu, nikaipa hofu yangu jina zuri. Salima anamwamkia baba yake kwa kichwa kilichoinama, kisha anamwambia, "Baba, mguu huu wa kitanda ni mfupi," na dari haianguki. Nimemtazama akifanya hivyo na nimeona wivu kama mtoto. Wewe unakwenda kujifunza uuguzi. Siku moja utamwona mkubwa wako anashika chupa isiyo yenyewe, na mgonjwa atakuwa mtu usiyemjua, amelala kimya. Sina maneno ya kukupa kwa siku hiyo. Nakupa tu habari za siku yangu, ujue ilikuwaje.

Salima ameingia sasa hivi, miguu ina udongo mpaka kwenye vifundo. Tangu asubuhi hatujasemezana. Amesimama nyuma ya kiti changu.

"Umefika wapi?"

"Nimekaribia mwisho."

"Umeandika kwamba ulinidanganya na mimi?"

"Nimeandika."

"Soma."

Nimemsomea yote. Kwenye jogoo amecheka, akajizuia, akacheka tena. Kwenye treni na saa mbili mkononi ameomba nisome polepole. Mwisho amesema hajanisamehe bado, kwamba kwanza atangoja asikie wewe unasemaje, kisha ameketi karibu yangu anamenya viazi vya chakula chako cha jioni. Niliandika kwamba anaujua uzito wangu, kama mimi ninavyoujua wa mti mbichi? Sikumbuki. Anaujua.

Kesho asubuhi nitakubebea sanduku mpaka kwenye basi na hutakuwa umesoma haya. Utaniamkia, utaniaga vizuri kama kawaida yako, nami nitaipokea heshima hiyo nikijua kwamba bado hujajua unampa nani. Ukishasoma, usiharakishe kuniandikia kwamba yamekwisha. Pengine hayajaisha. Ukitaka kukaa nayo, kaa nayo.

Lakini nitakuja, Nuru, kabla ya mwezi huu kuisha. Nimeshamwomba ruhusa bwana wa kiwanda. Nitafika Tanga Jumapili ya mwisho, nitakuuliza getini. Ukitoka, usinipe shikamoo halafu ukanyamaza. Nimeishi na kimya hicho na sikitaki kwako. Sema yote uliyo nayo, hata yale ambayo mtoto hamwambii baba yake. Treni ya kurudi huku haipo mpaka Jumatatu, kwa hiyo una siku nzima, na mimi sitakuwa na pa kwenda.

Baba yako